Meneja kaniita "aggressive" na "belligerent": nishukuru au nikate rufaa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya mauzo katika kampuni moja hapa Arusha, na meneja wetu ni mgeni kutoka Uingereza. Kwenye tathmini yangu ya mwaka ameandika kwamba mimi ni "aggressive", na kwa jinsi alivyoandika ni kama ananisifu. Ukurasa wa pili kaandika kwamba vikaoni huwa nakuwa "belligerent". Mwenzangu tunayekaa meza moja kaandikiwa "feisty", akafurahi hadi akatununulia soda. Nimefungua kamusi, naona kote ni mgomvi, mkali, mwenye shari. Maneno haya yanatofautiana nini, na yametoka wapi? Nishukuru au nikate rufaa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ukurasa wa kwanza ushukuru, wa pili usiuache upite hivihivi. Na mwenzako mwambie zile soda alizinunua mapema mno. Sababu nitampa nikifika kwenye mbwa.

Kamusi haijakudanganya. Imekupa tu jibu la mtu mwenye haraka. Sisi tuna neno "kali" linalobeba mzigo mzito peke yake: kisu kikali, jua kali, chai kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, na siku hizi msanii mkali, ambayo ni sifa tupu. Ukali gani unakusudiwa, tunaujua kwa sauti ya msemaji na kwa uso wake. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na mengi kati yake, ukiyafunua, yanakuonyesha ukali umekaa wapi mwilini: mguuni, kwenye ngumi, usoni, kooni. Wanafunzi wangu wa tafsiri huwa nawaambia waanze na picha hiyo, kamusi waifungue baadaye.

Somo hilo mwenyewe nililipata kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, ningali kijana, niliitwa kufasiri kwenye mkutano wa kijiji kuhusu mradi wa maji. Injinia mgeni akasema mradi una "aggressive timetable". Nikadaka neno la kwanza lililonijia: "Mtaalamu anasema ratiba ya mradi ni ya kushambulia." Kimya. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda mbele kabisa akanyanyua fimbo: "Mkalimani, hiyo ratiba itamshambulia nani? Tuwaondoe watoto?" Watu walicheka hadi mwenyekiti akashindwa kuwatuliza. Injinia alikuwa anasema tu kwamba kazi yenyewe ni ya kukimbizana, mabomba yafike kabla ya masika.

Laiti ningejua siku ile kwamba "aggressive" ni neno la miguu. Asili yake ni Kilatini, "aggredi", lililoundwa kwa "ad", kuelekea, na "gradi", kupiga hatua. Mrumi akilitumia alimaanisha kumwendea mtu au kukiendea kitu. Unaweza kumwendea mtu ili uongee naye, unaweza kuiendea kazi ili uianze, na unaweza kumwendea mtu ili umpige. Maana zote tatu zilikuwemo. Ndugu zake unawafahamu: "progress" ni kupiga hatua mbele, "congress" ni kupiga hatua mkakutana, na "graduate" ni yule aliyepanda daraja. Kiingereza kilipoupokea ukoo huu kupitia Kifaransa, kikianza na "aggression" karne ya 17, kilishika zaidi ile maana ya tatu, ya kumwendea mtu kwa shari. Hapo neno likawa la lawama, na lawama yenyewe ni mahususi: nani alipiga hatua ya kwanza?

Wanasheria wa kimataifa bado wanalitumia hivyo. Mwaka 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha ufafanuzi wa "aggression" kati ya nchi na nchi, na Juni 2010, hapa jirani Kampala, nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikaa zikakubaliana namna ya kuliandika kosa hilo kwenye mkataba wao. Mahakama ikapewa uwezo wa kulishughulikia kuanzia tarehe 17 Julai 2018. Kwa Kiswahili mimi huliita uhalifu wa uchokozi, na nalipenda neno letu kuliko lao. Kuchokoa ni kuchimbua kwa ncha, kama mtu anavyochokoa meno kwa kijiti. Kumchokoza mtu ni kumtia kijiti ametulia zake. Waingereza wanatazama mguu wa mchokozi, sisi tunatazama kijiti mkononi mwake. Hoja ni ileile, nani kaanza.

Sasa hiyo lawama iligeukaje kuwa sifa kwenye tathmini yako? Lawama hapo uwabebeshe wafanyabiashara wa Marekani wa karne ya 20. Muuzaji waliyemtaka ni yule anayemwendea mteja, asiyekaa dukani akipepea nzi. Wakamwita "aggressive", na bila kujua wakalirudisha neno karibu kabisa na alipoliacha Mrumi: mtu anayekiendea kitu. Leo hata hospitalini utalisikia likifanya kazi pande zote mbili. Saratani inayoenea upesi huitwa "aggressive", na matibabu ya kuiwahi kwa nguvu nayo huitwa "aggressive", adui na mlinzi wakivalishwa sare moja. Kwa Kiswahili cha mauzo mimi ningekuandikia "mchakarikaji". Angetaka kukulaumu kwamba unawabana wateja hadi wanakimbia, angeandika "pushy", ambayo ni king'ang'anizi hasa. Hakuandika. Pokea sifa yako.

Ukurasa wa pili ni habari nyingine. "Belligerent" limeungwa kwa "bellum", vita, na "gerere", kubeba au kuendesha. Ni mtu au nchi inayoendesha vita, na kwa muda mrefu neno hili lilikuwa la sheria, wala halikuwa tusi. Mei 1861, Marekani ilipopasuka vipande viwili, Uingereza ilitangaza kwamba haiegemei upande wowote, na kwa tangazo hilohilo ikawatambua waasi wa Kusini kuwa "belligerent", yaani upande unaopigana vita inayotambulika kisheria. Serikali ya Washington ilichukia mno. Haikuchukia kwa kuwa adui yake katukanwa. Ilichukia kwa kuwa kapewa hadhi! Wenyewe walitaka aitwe mwasi tu, na "rebel", kwa taarifa yako, nalo limetokana na "bellum" hiyohiyo: ni aliyekwisha kushindwa vita akaianzisha upya.

Neno hilo linapotoka kwenye majeshi na kushuka kwa mtu mmoja, hadhi yote inabaki njiani. Anayeitwa "belligerent" ni yule aliyekuja kishari. Vita anayo kifuani tangu nyumbani, anatafuta pa kuitua. Mlevi wa kilabuni anayekuuliza "unaniangalia nini?" wakati ulikuwa unaangalia saa ya ukutani, huyo ndiye kielelezo chake. Kwa hiyo meneja hakuandika kwamba unabishana sana. Kuna neno jingine kwa hilo. Hakuandika hata kwamba unakasirika. Ameandika kwamba unaingia kikaoni umeshakunja ngumi. Hilo ni shitaka zito kukaa kwenye faili la mtu, na ndiyo maana nasema usiuache.

Ngumi yenyewe ina neno lake, "pugnacious", kutoka "pugnus", ngumi ya Kilatini. Huyu hana kinyongo na mtu, anapenda tu mapambano, kama jogoo. Jirani yake ni "truculent", kutoka "trux", mkali wa kutisha kama mnyama wa porini. Lilipoingia Kiingereza karne ya 16 lilikuwa neno la kutia hofu. Siku hizi limechoka. Utaliona likitumika kwa kijana wa miaka 15 aliyeambiwa aoshe vyombo, akaviosha kweli, ila kwa namna ambayo nyumba nzima ilijua hataki. Jeuri iliyonuna.

Usishangae kwamba mpaka sasa tumezunguka Roma tu. Mwingereza akikasirika barabarani hutumia maneno mafupi ya kwao. Akikaa mezani kuandika ripoti hufungua kabati la Kilatini. Maneno yale ni tusi lililofungwa tai. Nasi tunayo tabia hiyo, kabati letu likiwa la Kiarabu. "Kali" ni la Kibantu, utalikuta kwa majirani zetu wengi. Tukitaka kumhukumu mtu kwa heshima ya kikao tunasema ana kiburi, ana jeuri, ana shari, na yote matatu yalikuja na upepo wa kaskazi: "kibr" ni kujikweza, "jawr" ni dhuluma, "sharr" ni uovu. Angalia "jeuri" ilivyopoa. Kwa Mwarabu ni dhuluma ya mtawala. Kwetu hata mtoto wa chekechea anayo.

Kuna jambo moja la kabati hizi mbili ambalo hunifanya nisimamishe kalamu kila nikilifikia. Waingereza "anger" hawakuipata Roma. Waliletewa na watu wa Skandinavia, wale Waviking waliokuja kupora na baadaye, kuanzia karne ya 9, wakakaa na kulima. Kwa lugha yao "angr" ilikuwa huzuni, dhiki, uchungu wa moyo. Mzizi wake wa kale unamaanisha kubana, na ndugu zake wamejaa: "anguish", "anxiety", na lile neno la daktari wa moyo, "angina", kifua kinapobana. Ilichukua karne kadhaa huzuni ile igeuke kuwa hamaki.

Sasa chukua "hasira" yetu. Inatokana na Kiarabu "hasra", ambayo maana yake ni majuto, simanzi ya kitu kilichokupotea. Waislamu watakumbuka kwamba Siku ya Kiyama ina jina hilo ndani ya Kurani, na wafasiri wetu huliandika "siku ya majuto". Mwarabu akitaka kusema hasira tunayoijua sisi hutumia neno jingine, lile lililotupatia ghadhabu. Yaani wavuvi na wakulima wa bahari mbili tofauti, wasiojuana kabisa, walikopa kila mmoja neno la mgeni linalosema huzuni, na wote wawili wakaligeuza kuwa hasira. Mimi sioni ajabu sana. Mtu akiwa na hasira kweli husema imemkaba kooni. Na kabla hujaniuliza: "hasara" si ndugu yake, ingawa methali imewafungisha ndoa. Hiyo ilitoka kwenye neno la Kiarabu linaloanza kwa sauti ya kh, la kupata hasara dukani.

"Hostile" nalo ni la kuchungulia, kwa sababu wageni hulitumia sana kwenye barua pepe: fulani alikuwa "hostile" kwenye simu. Linatokana na "hostis", ambalo kwa Warumi wa enzi za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wao maarufu, lilimaanisha adui. Lakini Cicero mwenyewe aliandika kwamba kwa mababu zake neno hilo lilimaanisha mgeni tu, mtu wa kuja. Na kweli "guest" ya Kiingereza imetoka kwenye mzizi huohuo, na "hospital", "hotel" na "host", yaani mwenyeji, ni watoto wa ukoo huo wa mgeni na mwenyeji wake. Neno moja likazaa anayekukaribisha chai na anayekufungia mlango. Sisi tuliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, tunaelewa safari hiyo bila kuhitaji profesa. Kwa matumizi ya leo, mtu "hostile" si lazima apige kelele. Anaweza kuwa kimya kabisa. Ukali wake ni ule wa kukuona wewe si wa upande wake, hata salamu yako anaipokea kama karani anavyopokea fomu iliyokosewa.

Haya, tufike kwenye mbwa.

"Feisty" halikupita Roma wala kwenye mashua za Waviking. Lilitoka uani. Kiingereza cha zamani kilikuwa na kitenzi "fist", hakihusiani na ngumi, kilichomaanisha kutoa hewa. Mtaani kwetu tungesema kushuta, wanisamehe walio mezani. Kulikuwa na vijibwa vidogo vya kubebwa mapajani, ambavyo kila harufu ikizuka sebuleni vilisingiziwa vyenyewe, nadhani mara nyingi kwa kuonewa. Vikapewa jina la tabia hiyo. Jina likavuka bahari, na kusini mwa Marekani mpaka leo "feist" ni aina ya mbwa mdogo wa kuwindia kindi, mwenye kelele na asiyejua kwamba ni mdogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wamarekani wakatoa hapo "feisty": mtu mwenye moto, asiyekubali kuonewa.

Harufu imeshapotea, hakuna anayeikumbuka. Kijibwa ndicho kilichobaki. Tazama neno hili hupewa nani: mwanamke, bibi kizee, timu ndogo iliyotoka sare na timu kubwa. Baunsa wa kilo 110 hutasikia kaitwa "feisty" hata siku moja. Ni sifa inayotolewa kutoka juu kwenda chini, sawa na mtu anayesema "kadogo lakini kapilipili kichaa". Anakupenda, ndiyo, ila ameshakupima urefu. Mwenzako angekuwa mwanamume mwenye kitambi na gari la kampuni, kwa tabia ileile angeandikiwa neno jingine kabisa. Sisemi airudishe soda. Nasema ajue.

Na wewe pia jiulize hilo hilo. Nimesoma tathmini nyingi za watu walioniletea niwatafsirie, na nimeona mwanamume akiandikiwa "robust", yaani imara, na mwanamke "aggressive", kikao kimoja, hoja moja. Maneno haya hayampimi anayeitwa peke yake. Yanaonyesha pia aliyeshika kalamu alikuwa amekaa wapi.

Umeniuliza pia yalikotoka, basi nikupe mawili ya haraka ya kukufurahisha. "Surly", yule mwenye uso wa kununa asiyejibu salamu, zamani liliandikwa "sirly", na maana yake ni kujifanya "sir", bwana mkubwa. Nasi tunasema huyo anajitia ubwana, tukimaanisha uso uleule. La pili ni "bully", mwonevu, lile walilosoma bweni wanalijua kwa maumivu tangu wakiwa njuka. Karne ya 16 lilimaanisha mpenzi, labda kutoka neno la Kiholanzi la mpenzi. Kwenye tamthilia ya Shakespeare, mhusika Bottom, mfumanguo, anaitwa "bully" na wenzake kwa mapenzi kabisa, kama unavyomwita mtu "mwanangu" kijiweni. Kutoka mpenzi likawa jamaa safi, kutoka jamaa safi likawa jamaa wa kujitutumua, na mwishoni mwa karne ya 17 likawa mtu wa kutisha wanyonge. Ile maana njema ilichelewa kufa Marekani. Theodore Roosevelt, rais tangu 1901 hadi 1909, alikiita kiti chake mimbari "bully", akimaanisha mimbari nzuri mno ya kuwafikia watu. Waandishi wengi wa leo wanaponukuu hudhani alimaanisha mimbari ya ubabe, na watafsiri wetu wamewafuata humohumo.

Turudi ofisini kwako. Usiende kwa meneja ukiwa na orodha ya asili za maneno. Kilatini hakijawahi kumsaidia mtu mbele ya bosi. Nenda na swali moja: ni kikao kipi, na nilifanya nini? Akikutajia siku ambayo kweli uliingia umekunja ngumi, basi neno ni lako, kaa nalo mwaka huu. Akikutajia siku ambayo ulikuwa na hoja ukaishikilia, mwombe kwa adabu abadilishe aandike "assertive", yaani mtu anayesimamia hoja yake bila kugombana.

Hilo nitakueleza kidogo, maana kozi za ofisini zimelifanya liwe neno la semina, na lina historia nzito. Kilatini chake ni "asserere", kujiunganisha na kitu, kukishika kwamba ni chako. Katika sheria ya Roma mtumwa hakuwa na sauti mahakamani. Akitaka kudai kwamba yeye ni mtu huru, ilibidi raia mmoja asimame naye mbele ya hakimu, amwekee mkono mwilini na kutamka kwamba mtu huyu ni huru. Raia huyo aliitwa "assertor". Mkono wake haukuwa ngumi, na mguu wake haukumwendea mtu kumpiga. Alishika tu, akatamka, wala hakuachia.

Lakini mfikirie bwana wa yule mtumwa, amekaa pale anatazama mali yake ikiwekewa mkono na mtu baki. Angepewa karatasi aandike tathmini ya "assertor" siku ile, sidhani kama angeandika "assertive".

Kwa hiyo kabla sijakwambia ukate rufaa au la, niandikie tena: siku ya kikao hicho ulikuwa unadai nini, na fedha ingetoka fungu la nani?